Samaki Sita wa Badrudin

Simu ya maandishi ilifika dukani Alhamisi saa nne asubuhi, ikiwa na maneno manne tu: NAONA NAKUJA JUMAMOSI BADRUDIN. Gulbanu aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi, na mara ya tatu akamrudishia tarishi amsomee, maana alikuwa hayaamini tena hata macho yake mwenyewe.

"Naona, nakuja Jumamosi, Badrudin," tarishi akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira redioni.

"Mboni!" Gulbanu akapiga kelele. "Mboni wee! Mzee anaona!"

Mboni hakuwa mbali. Alikuwa amesimama juu ya kreti la soda kando ya tangi la samaki, anateka maji kwa kata na kuyamwaga humohumo kutoka juu, anateka na kumwaga, ili samaki wapate hewa. Kazi hiyo wanawake hawa wawili waliifanya kwa zamu kuanzia alfajiri mpaka kulala, kwa siku kumi na tisa sasa, tangu jenereta ya mji ilipoharibika na pampu ya tangi ikanyamaza. Mboni alikuwa mtu wa Unyambwa, mama wa watoto watatu, na alikuwa amesimama na Gulbanu nyuma ya kaunta hiyo kwa miaka minane. Ndani ya siku hizo kumi na tisa mkono wake wa kulia ulikuwa umenenepa kuliko wa kushoto, na alikuwa anamwonyesha kila mteja.

"Anaona nini?" akauliza.

"Anaona! Basi! Anaona kila kitu!"

"Alhamdulillahi," Mboni akasema, na kata ikabaki hewani inadondosha maji. Kisha wote wawili, bila kuambizana, wakageukia tangi na kuanza kuhesabu. Mmoja, wawili, watatu. Wa nne nyuma ya jiwe. Wa tano. Wa sita, yule mnene, Sultani, yuko juu anatafuna hewa. Sita. Wote wapo.

Sasa mtu asiyeujua mji wa Singida wa miaka ile atauliza, samaki na macho vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Badrudin Ladha alikuwa na duka la vitambaa na vyombo mjini hapo tangu kabla ya uhuru. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulianza jicho la kulia, ukafuata la kushoto, na mpaka tunasherehekea miaka kumi ya uhuru alikuwa hatofautishi mteja na mlango. Lakini alikuwa mtu wa mikono. Wakati bado ana mwanga kidogo alijenga tangi la kioo la kuweka pale dukani, na chini yake, ndani ya kabati, akaweka sanduku jingine la kioo lenye vyumba vitatu la kusafishia maji. Maji machafu yalishuka kwa mpira kutoka tangini, yakapita chumba cha kwanza chenye sponji, yakapita cha pili chenye kokoto, yakafika cha tatu penye pampu ndogo ya umeme, nayo ikayarudisha juu yakiwa safi. Alipomaliza kujenga, macho yakafunga. Samaki wenyewe waliletwa baadaye na mpwa wake kutoka Dar es Salaam, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa blanketi. Kwa hiyo mji mzima ulijua kwamba mzee Badrudin ana samaki sita wekundu ambao hajawahi kuwaona hata siku moja.

Aliwajua kwa sikio. Jioni akiwapa chakula aliinama na kusikiliza midomo yao ikigonga maji, akasema, "Sultani amekula, yule mwoga bado." Na siku ya kupanda basi kwenda Dodoma kupasuliwa, wiki sita zilizopita, alimshika mkewe mkono kwenye ngazi ya basi.

"Gulu, nikirudi naona, nataka niwaone wale sita kabla ya kitu kingine chochote. Na usinidanganye idadi."

"Na wakipungua?"

"Wakipungua niambie. Lakini wasipungue."

Hebu mtu na utu wake, aachiwe neno kama hilo, halafu jenereta ya mji ife! Gulbanu alikuwa amelia siku ya kwanza tu. Baada ya hapo alitafuta kata.

Na kama vile furaha zilikuwa zimekubaliana njiani, saa sita hiyohiyo akaja Tamimu kwa baiskeli. Tamimu alikuwa fundi kwenye nyumba ya jenereta, mrefu, mwenye mafuta meusi mpaka masikioni, na alianza kuongea kabla hajashuka.

"Shikamoo mama! Kipuri kimefika! Kimekuja na lori usiku. Kesho saa kumi na mbili jioni, taa!"

"Marahaba. Kesho kweli, au kesho yenu ile?"

"Kesho ya Ijumaa, mama. Haki ya Mungu."

Gulbanu akasikia miguu inamcheza. Kesho umeme, keshokutwa mume mwenye macho. Angeingia, angekuta pampu inanguruma, maji yanametameta, taa ndogo ya juu inawaka, na samaki sita wanazunguka. Aliiona picha hiyo yote kwa mara moja, na furaha ikamjaa kifuani mpaka akacheka peke yake.

"Basi tulisafishe sanduku la chini," akasema. "Leo hii."

Tangu pampu inyamaze hakuna aliyelifungua. Walipovuta mlango wa kabati, harufu ikatoka na kuwafukuza wote wawili mpaka barazani. Mayai viza si kitu. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua khanga aliirudisha na kuaga.

"Mungu wangu," Gulbanu akasema akiwa amejifunga mtandio puani. "Na mgongo wangu huu, nitainama vipi mle?"

"Mtaka cha mvunguni, mama," Mboni akasema, na hakumalizia, ila alicheka.

Wakainama. Maji yaliyokuwa yamesimama mle yalikuwa meusi, na juu yake palikuwa na utando kama wa uji uliopoa. Harufu ilivuka ukuta ikamleta Bhagwanji, jirani wao muuza peremende na bajia, mtu aliyeosha sinia zake mara nne kwa siku na kumshangaa kila asiyefanya hivyo.

"Gulbanuben!" akaita kutoka mlangoni. Ndivyo alivyomwita miaka yote, dada Gulbanu, kwa lugha ya kwao. "Hiki ni nini? Kipindupindu?"

"Ni sanduku la samaki, Bhagwanjibhai. Mume wangu anarudi Jumamosi, anaona!"

"Anaona! Basi asione hili! Chemsha maji, weka magadi, weka sabuni, sugua kila jiwe mpaka ling'ae. Mimi sinia zangu nafanya hivyo, wewe umewahi kuumwa tumbo kwangu?"

Hakuwahi kuumwa. Na ukweli ni kwamba Gulbanu hakuhitaji kushawishiwa. Kwao mgeni wa kutoka safari alisafishiwa mpaka miguu ya kitanda, na huyu hakuwa mgeni, alikuwa mwenye nyumba anarudi na macho mapya. Tangu saa nne alikuwa anaona vumbi kila mahali. Akabandika maji kwenye sufuria kubwa, akaleta majivu ya jikoni na kipande cha sabuni. Wakazitoa kokoto za chumba cha pili, zikajaa makarai mawili. Zilikuwa za kahawia, zinateleza, zimefunikwa na ute.

Karai la kwanza Gulbanu akalimwagia maji ya moto, akasugua kwa majivu. Kokoto zikatoka nyeupe, nzuri, kama zimenunuliwa jana. Akafurahi sana. Akainua sufuria kwa ajili ya karai la pili.

"Mama," Mboni akasema taratibu. Alikuwa amechuchumaa, ameweka kokoto moja kiganjani. "Hivi hizi hazifanani na kibuyu?"

"Kibuyu gani tena?"

"Cha maziwa. Kwetu kibuyu cha mgando hakioshwi kwa maji ya moto na sabuni. Ukikiosha hivyo kinang'aa kweli, lakini maziwa hayagandi, yanaoza. Mama yangu alinichapa nilipokuwa mdogo kwa kosa hilo. Nilitaka kumfurahisha, nikakisugua chote."

Sufuria ikabaki hewani. Gulbanu naye alikuwa mtengeneza mtindi. Kila jioni ya maisha yake ya ndoa alibakiza kijiko cha mtindi wa jana ili kumimina juu yake maziwa ya leo. Bila kijiko kile hakuna mtindi, hata ufanye nini. Na hapo, pamoja na harufu ya kijiko kile, likaja neno la Badrudin alilolicheka miaka miwili iliyopita. Alikuwa amelala chali chini ya tangi, anapapasa kokoto, akasema, "Hapa chumba cha pili wanakaa wafanyakazi wangu, Gulu. Hawaonekani, wanakula uchafu wa samaki mchana na usiku, hawajui likizo. Usije ukawaunguza." Naye alijibu kwamba mtu asiyeona mteja anaona wafanyakazi wasioonekana, na wakacheka wote.

"Nimewaunguza," akasema. Akaiweka sufuria chini. "Mboni, nimewaunguza nusu!"

"Nusu nyingine hii hapa, nzima."

"Wana uhai kweli, baada ya siku kumi na tisa kwenye uvundo ule?"

"Mimi sijui, mama. Lakini mgando hata ukibaki doa kibuyuni, unarudi."

Wakalichukua karai la pili, wakateka maji kutoka kwenye tangi lenyewe, maji wanayoishi samaki, wakazisuuza kokoto kwa mikono polepole, bila sabuni, bila kusugua, mpaka weusi ukatoka na ute ukabaki. Wakazifunga ndani ya chandarua cha zamani na kuzining'iniza juu tangini, pale kata inapomwaga, zipate hewa. Bhagwanji aliporudi kuangalia akatikisa kichwa akasema watu wa nyumba hii wanafuga ute, akaenda zake.

Jua lilikuwa linashuka, na Gulbanu alitaka kuwahi sala jamatkhana, nyumba ya ibada ya jumuiya yao, maana siku hiyo alikuwa na shukrani ya kupeleka. Vyumba viwili vya sanduku walikuwa wamevikausha. Chumba cha tatu, chenye pampu, kilikuwa na kifuniko cha skrubu, na bisibisi haikuonekana.

"Kesho mchana," Gulbanu akasema. "Umeme si mpaka jioni? Tuna siku nzima."

Na hapa ndipo kiherehere kilipomponza. Kabla ya kufunga duka aliichukua plagi ya pampu, akaichomeka ukutani, akabonyeza swichi. Hakukuwa na umeme, kwa hiyo hakukuwa na kitu. Alitaka tu kila kitu kiwe tayari, kama mtu anayetandika mkeka wa wageni siku mbili kabla. Akajisikia vizuri, akaenda kusali.

Ijumaa saa nne asubuhi Mboni alikuwa juu ya kreti lake, na Gulbanu anampimia mteja kitambaa. Taa ya dukani ikawaka.

Loo! Mtaa mzima ukapiga kelele. Watoto wakatoka, redio zilizokuwa zimeachwa wazi zikaanza kuimba zote kwa pamoja, Bhagwanji akatoka na mwiko mkononi. Gulbanu naye alipiga vigelegele, kitambaa begani, mkasi mkononi, kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha akasikia mngurumo. Sauti ile aliyoikosa siku kumi na tisa ilikuwa inatoka kabatini.

"Mama!" Mboni akapiga ukelele. "Maji meusi!"

Mpira wa juu ulikuwa unatapika. Uvundo wote wa chumba cha tatu ulikuwa unapanda na kumwagika tangini, na wingu jeusi lilikuwa linatanda kutoka kona moja kuja katikati, na samaki walikuwa wanakimbia kuelekea kona nyingine. Mboni akaudaka mpira kwa mikono miwili, akaugeuzia nje, ukamlowesha yeye, kreti, na mita nne za kitambaa cha mteja. Gulbanu aliruka kaunta. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mgonjwa wa mgongo, aliruka kaunta, na wapo waliomwona. Akang'oa plagi kwa waya wake.

Pampu ikanyamaza. Lakini wingu lilikuwa limeshaingia, na Sultani, yule mnene, alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

"Debe!" Gulbanu akasema. "Mboni, yale maji yaliyolala!"

Mungu si Athumani. Sheria moja ya Badrudin hawakuwa wameivunja hata siku moja: maji ya bomba yana dawa, yasiingie tangini mpaka yalale siku mbili ndani ya debe wazi. Nyuma ya duka yalikuwepo madebe sita yaliyolala, kwa ajili ya usafi wa Ijumaa. Wakalileta la kwanza mbio, wakamimina nusu kwenye beseni, wakaongeza maji safi kidogo kutoka ile kona ambayo wingu halijafika, ili samaki wasishtuke, wakawachota mmoja mmoja kwa kichujio cha chai. Watano waliingia wakicheza. Sultani aliingia kama jani.

"Usinifanyie hivyo," Gulbanu akamwambia. Alikuwa amepiga magoti, kata mkononi, anamwagia maji karibu na mdomo wake. "Keshokutwa, ukitaka, kufa. Si leo. Atakuja ahesabu watano, nimwambie nini? Kwamba nilichomeka plagi kwa furaha?"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mteja wa kitambaa alisema hana haraka, akaketi juu ya gunia la chumvi.

Ndipo Tamimu akaingia, uso wote meno. "Mmeona? Mmeona taa?"

"Tumeona!" Mboni akamgeukia, amelowa mpaka viatuni. "Si ulisema saa kumi na mbili jioni wewe? Ukala na yamini!"

"Tulikuwa tunajaribu tu. Mtaa mmoja kwanza, tusiipe mzigo wote. Tumeanza na wa kwenu, nikasema mama atafurahi." Akaliona tangi, akamwona Gulbanu chini, meno yakaingia ndani. "Nimeua?"

"Bado hatujui," Gulbanu akasema. "Una bisibisi?"

Alikuwa nayo mfukoni. Akavua shati, akaingia mvunguni.

Kuanzia hapo hakuna aliyefanya haraka. Mboni ndiye aliyetoa amri, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwao Unyambwa kiangazi maji huchimbwa kwenye mchanga wa korongo, akasema, na mtu akifika asubuhi hatekei mtungi maji aliyoyakuta. Maji yaliyolala kisimani unayakomba yote, unayamwaga, unasubiri mapya yachuruzike, na hayo ya kwanza nayo unayamwaga. Ya pili ndiyo unakunywa. "Mwenye kiu asiyesubiri anakunywa tope," akasema. "Sisi jana tulikuwa na kiu."

Wakakomba chumba cha tatu mpaka chini, wakamwaga mpapaini nyuma ya nyumba. Wakapangusa vioo kwa kitambaa na maji matupu. Tamimu akaifungua pampu, akatoa ute uliojisokota kwenye feni yake, akaukamua mpira wote. Tangini wakatoa maji zaidi ya nusu. Wakarudisha kokoto: zile za chandarua zikawekwa katikati ya chumba cha pili, na zile nyeupe zilizounguzwa zikasuuzwa mara nne na kupangwa kuzizunguka, ili wafanyakazi waliobaki wapate pa kuhamia. Sponji mpya hawakuwa nayo. Ya zamani ilikamuliwa ndani ya maji ya tangi, na kwa ajili ya harufu wakaikamua tena. Kisha maji yaliyolala yakamiminwa, debe moja juu ya jingine.

"Usijaze!" Gulbanu akamzuia Tamimu. Akaonyesha mstari mwekundu uliochorwa kiooni kwa rangi ya kucha ya binti yao, Nasimu, kabla hajaolewa Tabora. "Pampu ikizunguka, maji ya chini yasipite hapa. Umeme ukikatika yale ya juu yatashuka, lazima yakute nafasi. Vinginevyo duka litaogelea."

"Huu aliuchora mtu asiyeona?" Tamimu akauliza.

"Aliupima kwa kidole."

Mpira haukuelekezwa tangini. Uliwekwa kwenye debe tupu, na Gulbanu akabonyeza swichi. Yakatoka maji ya kijivu. Akazima, wakamwaga. Debe la pili likatoka na rangi ya chai hafifu, wakamwaga. La tatu likatoka jeupe. Mboni akanusa. Tamimu akanusa. Bhagwanji, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote na mwiko wake, akaja naye akanusa, akafikiri, akakubali. Wakaongeza maji yaliyolala mpaka yakatosha, mpira ukarudishwa juu, pampu ikawashwa, na kijito chembamba kikaanza kuanguka tangini, chap chap chap, bila kata, bila mkono wa mtu.

"Zima," Gulbanu akasema.

"Tena?"

"Zima nione."

Tamimu akazima. Maji ya juu yakashuka kidogo kwa mpira, ya chini yakapanda, yakapita ule mstari vidole vitatu, yakasimama. Hata tone halikugusa sakafu. Wakawasha tena, na kelele zilizotoka dukani zilimfanya mpita njia aulize kama kuna harusi.

Samaki hawakurudishwa mara moja. Beseni liliwekwa kando, na kila baada ya muda Mboni alichota kikombe cha maji ya tangi akaongeza, mpaka beseni na tangi vikawa kitu kimoja. Watano wakahamishwa alasiri. Wa sita alikuwa bado ubavu. Gulbanu hakutoka pale. Alikula mkate wake pale, akamwuzia mtu sindano akiwa palepale, kata haikutoka mkononi. Na ilipokuwa inakaribia saa kumi na moja, Sultani akapiga mkia. Akapiga tena, akajisokota, akasimama wima, akamtazama kwa jicho moja la dharau, kama mtu mzima aliyeamshwa usingizini bila sababu.

"Shikamoo, Sultani," Mboni akasema.

Gulbanu alicheka mpaka akashika mbavu. Chakula hawakuwapa jioni hiyo wala asubuhi yake, maana wafanyakazi walikuwa wachache na kazi wasiongezewe.

Jumamosi maji yaliamka meupe. Gulbanu aliwahesabu kabla ya kusali na baada ya kusali. Akafuta kioo cha tangi kwa gazeti mara tatu, akafagia baraza, akapangusa hata mizani.

"Mama," Mboni akasema akimwangalia. Gulbanu alikuwa na gauni lilelile la jana lenye madoa ya maji meusi, nywele zimetoka kwenye kibanio. "Umeosha kila kitu humu. Wewe mwenyewe je?"

"Mimi ananijua," Gulbanu akasema. "Samaki ndio hajawaona."

Basi la Dodoma liliingia saa nane na vumbi lake lote. Badrudin alishuka na miwani myeusi mikubwa, kofia, na mfuko wa hospitali, na Gulbanu kwa mazoea akampa kiwiko, naye kwa mazoea akakishika.

"Daktari amekataza jua," akasema. "Nivuke mpaka dukani kwanza. Sijatazama kitu tangu Manyoni. Naogopa kuyamaliza macho njiani."

"Unaona kweli?"

"Nimemwona kondakta. Mbaya sana."

Walitembea haraka, karibu wanakimbia, Mboni amebeba mfuko nyuma. Watu wakamsalimu kila upande, naye akaitikia bila kugeuka. Mlangoni akasimama. Hakuvua miwani. Alisikiliza.

"Pampu," akasema. "Inaenda vizuri." Kisha akavuta pumzi puani. "Kulikuwa na uvundo hapa."

"Ulikuwepo," Gulbanu akasema. "Nitakueleza. Nimeunguza nusu ya wafanyakazi wako."

"Na samaki?"

"Hesabu mwenyewe."

Akapiga magoti mbele ya tangi, akavua kofia, akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu bado, yanalengalenga. Daktari alikuwa amempa miwani mingine, minene kama chini ya chupa, akaivaa kwa mikono miwili, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Gulbanu alisimama nyuma ya bega lake, amekunja vidole.

"Wekundu," Badrudin akasema. "Niliambiwa wekundu, lakini sikujua ni wekundu hivi. Mmoja. Wawili. Yule mwoga, nyuma ya jiwe, watatu. Wanne. Watano. Na huyu mnene... Sultani, ndiye wewe? Una tumbo kama la diwani! Sita."

"Sita," Gulbanu akasema, akashusha pumzi aliyoishika tangu Alhamisi.

"Saba," Badrudin akasema.

"Ni sita, baba Nasimu."

"Nilikwambia usinidanganye idadi. Nahesabu saba. Huyu wa saba ana nywele nyeupe."

Gulbanu akatazama. Ndani ya kioo alichokifuta mara tatu kwa gazeti, katikati ya samaki wekundu, ulikuwepo uso wake, umechoka, nywele nyeupe zimetoka kwenye kibanio, doa jeusi shavuni. Mara ya mwisho Badrudin kumwona vizuri, nywele zile zilikuwa nyeusi zote. Hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja, kwa siku zote kumi na tisa na kata yake. Mkono ukaenda haraka kuvuta mtandio.

"Acha," Badrudin akasema. Alikuwa ameshageuka, ameyapa mgongo maji yake, pampu yake na samaki wake wote sita, na alikuwa anamtazama yeye kwa ile miwani minene, macho yanamtiririka. "Acha, Gulu. Wale nimeshawaona."

Mboni akaweka mfuko wa hospitali juu ya kaunta, akaenda uani kubandika chai.